Ramdam

Saa tisa na nusu usiku, mji wa Roubaix. Mvua haijaamua
inyeshe, au ifanye ukungu tu.
Mama anapasha moto supu ya jana, anatembea kwa soksi,
vijiko kavifunga kitambaani visigongane.
Daku yetu ilikuwa daku ya wezi.

Kisha mfuniko ukamponyoka.

Ukazunguka sakafuni kama sarafu ya tajiri,
ukazunguka, ukazunguka, hautaki kulala,
na bwana Vasseur wa chini akagonga dari yake,
ambayo ndiyo sakafu yetu, kwa mpini wa ufagio:
mara tatu, na neno moja.
Ramdam!

Wanasema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.
Sisi tulikuwa wapangaji.

Baba, Tayeb, aliyezihudumia mashine za kusokota sufu
hata sikio lake la kushoto likastaafu kabla yake,
alitabasamu, tende mdomoni.
"Mmesikia? Anautaja mwezi wetu.
Anautamka vibaya, lakini anautaja."
Jioni akanituma chini na bakuli la harira,
bakuli limefunikwa kwa sahani, sahani kwa leso.

Nilikuwa na miaka tisa. Bwana Vasseur alifungua mlango
kwa upana wa pua yake.
Akapokea, hakuuliza kitu. Bakuli lilirudi limeoshwa,
ndani yake viazi vitatu vibichi.

Shuleni nikalitafuta kwenye kamusi, nimepiga magoti
maana ilikuwa nzito kuliko mimi.
Lilikuwapo. *Ramdam: makelele, ghasia, zogo.*
Na chini, kwa herufi za sisimizi:
latokana na Ramadhani; lilikuja na askari waliotumikia Afrika.

Nikamwona huyo askari.
Kajilaza kambini, Algeria, viroboto wanamkagua,
barua ya mama yake chini ya mto.
Mchana kutwa mji umefunga, umefunga na mdomo,
hata mafundi wa shaba wanagonga kwa adabu.
Hilo hakulisikia.
Nani husikia njaa ya mwenziwe?
Jua likazama: ngoma, vikombe, watoto, kisomo,
mtu anacheka uchochoroni mpaka kikohozi kinamshika.
"Kuna nini huko?" "Ramadhani."
Basi. Akaiweka akilini hivyo.
Kati ya mwezi mzima wa kujizuia
alichukua ile saa ya kushiba, akaenda nayo kwao.

Melini neno likapungua. Irabu moja ilianguka majini,
mkia ukabaki forodhani,
likashuka gatini na silabi mbili tu,
ngumi mbili mezani: ram, dam.
(Karani wa forodha alimpunguzia baba jina pia.
Hiyo ni habari nyingine, na mama hapendi niisimulie.)

Sikumwambia baba.
Miaka ishirini na mitatu bakuli lilishuka, viazi vikapanda,
mwaka mmoja vilipanda vitunguu,
na kila mwaka, usiku mmoja au miwili,
ufagio uliutaja mwezi.
Alikufa mwezi wa Rajabu, akiamini ameheshimiwa.
Sijui kama alikosea.

Ramadhani ilipoingia mama alipika sufuria ndogo,
ile isiyo na mfuniko.
Usiku wa sita mlango ukabishwa.
Bwana Vasseur, koti juu ya nguo za kulalia,
ufagio mkononi, sasa ni mkongojo wake.
Hakukasirika. Alisimama tu, anahema kwa ngazi.
"Mwaka huu," akasema, "hakuna..."
akalitafuta neno, na alikuwa nalo moja tu,
akaona haya kulitumia.

Mama hakumjibu. Alikwenda jikoni.
Nikasikia kabati la juu likifunguka,
kiti kikivutwa,
na mfuniko mkubwa kuliko yote
ukiachiwa.